Kiti Kilikuja kwa Barua: Mazungumzo juu ya Maaskofu wa Kwanza Wenyeji wa Kivu

Wababa na wamama, mapadri na masista wetu, na ninyi wanafunzi mliosimama nyuma kwa kukosa viti, jambo yenu wote. Paroko amenipa saa moja, kisha akanikumbusha mbele ya watu kwamba mwalimu wa historia akipewa saa moja huchukua mbili. Nimesikia, padri.

Nimeombwa nieleze namna Kanisa katoliki lilivyotoka mikononi mwa wamisionari likaingia mikononi mwa watoto wa nchi baada ya ukoloni. Nina ugomvi mdogo na hayo maneno "baada ya ukoloni". Wanafunzi wangu wakiyasikia huona mambo ya haraka: tarehe 30 Juni 1960 bendera ya Ubelgiji inashushwa, na asubuhi yake askofu Mzungu anafunga sanduku lake. Haikuwa hivyo hata kidogo. Siku ile ya uhuru Kongo ilikuwa na majimbo makuu sita: Léopoldville (Kinshasa ya leo), Coquilhatville (Mbandaka), Stanleyville (Kisangani), Luluabourg (Kananga), Elisabethville (Lubumbashi) na hapa Bukavu. Yote sita yaliongozwa na watu wa Ulaya. Kwetu alikuwa Monsinyori Louis Van Steene wa shirika la Mapadri Weupe, na alikaa kwenye kiti hicho mpaka 1965. Kwa miaka mitano nchi ilikuwa na rais wake, mawaziri wake, hata waasi wake, lakini askofu mkuu wa Bukavu bado alikuwa mgeni.

Na bado maandalizi ya mapadri weusi yalikuwa yameanza zamani sana, kuliko wengi wetu tunavyodhani. Tuteremke kusini kidogo, kwenye Ziwa Tanganyika.

Mapadri Weupe wa Kardinali Lavigerie walifika kwenye ziwa hilo mwaka 1879. Mwaka 1885 walikabidhiwa boma la Mpala, na mwaka 1893 wakaanzisha misioni ya Baudouinville, ile tunayoita Kirungu, huko Moba. Mwishoni mwa karne hiyo Monsinyori Victor Roelens, Mbelgiji mkali asiyecheka ovyo, alianza kuwafundisha Kilatini vijana wachache wa upande ule. Mmoja wao ni Stefano Kaoze. Alisoma Kilatini, akasoma falsafa, akasoma teolojia, masomo yale yale ya seminari ya Ulaya, kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Kabla hata hajapata upadri alikuwa ameshaandika makala juu ya fikra za Wabantu, na yakachapishwa. Roelens alimpadirisha tarehe 21 Julai 1917. Ndiye padri wa kwanza mwenyeji wa Kongo. Tarehe 21 Julai, kwa wasiojua, ni sikukuu ya taifa la Ubelgiji. Kila mmoja afikirie mwenyewe.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nami, maana hapa ndipo mambo yanapovutia. Uganda ilipata mapadri wake wawili wa kwanza mwaka 1913, na mwaka 1939 Papa Pio wa Kumi na Mbili alimweka wakfu Joseph Kiwanuka kuwa askofu wa Masaka. Miaka 26. Rwanda ilipata mapadri wake wa kwanza mwaka 1917, mwaka ule ule wa Kaoze, na mwaka 1952 Aloys Bigirumwami akawa askofu wa Nyundo, hapo tu nyuma ya Gisenyi. Watu wa Goma waliweza kuvuka mpaka asubuhi, wakahudhuria misa ya askofu mweusi, wakarudi nyumbani kabla ya giza. Kongo yenyewe ilingoja mpaka 1956, Pierre Kimbondo alipowekwa wakfu huko Kisantu, na huyo alikuwa askofu msaidizi tu. Miaka 39 tangu Kaoze. Bukavu? Tangu Kaoze mpaka askofu mkuu wetu wa kwanza mwenyeji ni miaka 49.

Kwa nini? Mtu asiniambie ni tabia ya Mapadri Weupe. Masaka ilikuwa yao, Nyundo ilikuwa yao, Bukavu ilikuwa yao. Roma nayo haikuwa imelala. Papa Benedikto wa Kumi na Tano aliandika mwezi Novemba 1919 kwamba padri mwenyeji hakuandaliwa abaki msaidizi wa kazi ndogo ndogo, aandaliwe ili siku moja achukue uongozi wa watu wake. Pio wa Kumi na Moja akarudia jambo hilo mwaka 1926, na mwezi Oktoba mwaka ule ule akawaweka wakfu maaskofu sita Wachina. Barua hizo zilifika Kirungu, zilifika Bukavu, zilifika Elisabethville. Zilisomwa.

Tofauti yetu ilikuwa serikali. Uganda ilikuwa chini ya Waingereza, na Mapadri Weupe kule walikuwa wageni mbele ya utawala wenye kanisa lake la Kianglikana; waliegemea wakristo wao kwa sababu hawakuwa na mtu mwingine wa kuegemea. Huku kwetu misioni ilikuwa na mlezi. Mwaka 1906, siku za mfalme Leopold wa Ubelgiji bado, Roma na ile Dola Huru ya Kongo zilipatana: kila misioni katoliki ipewe ardhi ya kulima, hekta 100 mpaka 200, na misioni nayo ifungue shule chini ya jicho la serikali. Zile shamba kubwa mnazoziona mpaka leo kuzunguka misioni za zamani, ambazo kila baada ya miaka michache huleta ugomvi na majirani, asili ya nyingi ni huko. Baadaye zikaja ruzuku za shule. Wamisionari Wabelgiji wakaitwa misioni za kitaifa, yaani taifa lao. Askofu aliyezoea kula meza moja na gavana haoni haraka ya kumwachia mtu kiti, hata kama Papa anamwandikia. Huko Katanga Monsinyori de Hemptinne, Mbenedikto, aliongoza tangu 1910 mpaka kifo chake mwaka 1958. Karibu miaka hamsini! Serikali, misioni na kampuni ya shaba, watatu hao walijuana vizuri.

Kilichotikisa urafiki huo hakikuwa hata uhuru. Ilikuwa shule. Mwaka 1954 Ubelgiji ilipata waziri wa makoloni wa chama cha kiliberali, Auguste Buisseret, naye akaanza kufungua shule za serikali zisizo za dini. Maaskofu waliona paa linavuja. Mwezi Juni 1956 wakatoa tangazo wakikiri kwamba Wakongomani wana haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi yao. Sisemi walikuwa wanafiki. Wengine waliamini hivyo tangu zamani. Lakini mtu akianza kusema haki yako siku ile ile ambayo mfadhili wake anamgeuka, mwanahistoria lazima aandike tarehe zote mbili kwenye ukurasa mmoja.

Tarehe 10 Novemba 1959 Papa Yohane wa Ishirini na Tatu alianzisha hierarkia ya Kongo. Hapa naomba uvumilivu, maana ni mambo ya sheria ya Kanisa na huwa yanawasinzisha watu, lakini bila haya hamtaelewa kilichofuata. Mpaka siku hiyo hatukuwa na majimbo. Tulikuwa na vikariati za kitume. Vikario hakuwa askofu wa mahali kwa haki yake. Alikuwa anamwakilisha Papa. Na eneo lote lilikabidhiwa shirika moja. Kivu ilikabidhiwa Mapadri Weupe, Katanga ya juu Wabenedikto, Kisantu Wajesuiti. Shirika lilileta watu, lilileta fedha, lilitoa majina ya maaskofu. Padri mwenyeji, ambaye si mtu wa shirika lile, alikuwa kama mtoto wa shangazi katika nyumba ya mjomba: anakula, analala, lakini hajui fedha zimewekwa wapi. Baada ya 1959 maeneo yakawa majimbo yenye maaskofu kamili. Goma, iliyokuwa imemegwa kutoka Bukavu, ilipata Joseph Busimba mwaka 1960, na hivyo Goma ikatutangulia miaka sita. Najua watu wa Goma mliopo hapa mmekuja kusikia sentensi hiyo tu.

Lakini ule utaratibu wa kukabidhi eneo zima kwa shirika moja ulifutwa rasmi na Roma mwaka 1969 tu. Kwa hiyo kwa miaka kumi tulikuwa na sheria mbili katika nyumba moja.

Kabla ya 1966 kuna damu, na siwezi kuiruka. Mwaka 1964 waasi walioitwa Simba walishika Uvira, Fizi, Baraka, wakaja mpaka hapa Bukavu wakarudishwa. Tarehe 24 Novemba askari wa Ubelgiji walishuka kwa ndege Stanleyville kuwatoa Wazungu. Siku nne baadaye, tarehe 28, kule Baraka waliuawa Padri Luigi Carrara na Bruda Vittorio Faccin, na kule Fizi wakauawa Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert. Watatu ni Waitalia, wamisionari wa shirika la Waksaveri. Wa nne ni mtoto wa hapa. Baba yake ndiye yule Kapteni Joubert, Mfaransa aliyezilinda misioni za Tanganyika dhidi ya wafanya biashara ya watumwa. Mama yake ni Agnes Atakaye, mwanamke wa upande ule. Alizaliwa Moba mwaka 1908. Alikuwa abbé, yaani padri wa jimbo, si mmisionari, na hakuwa na ubalozi wa kumtumia ndege. Wote wanne wametangazwa wenye heri pamoja, Uvira, tarehe 18 Agosti 2024. Baadhi yenu mlikuwepo kwenye jua lile.

Namtaja Abbé Albert kwa sababu vitabu vinapopanga "wamisionari" upande huu na "wenyeji" upande ule havijui mahali pa kumweka.

Basi mwaka 1966 ikaja barua kutoka Roma: Aloys Mulindwa, askofu mkuu wa Bukavu. Mwaka ule ule Emmanuel Kataliko akawekwa Beni. Mwaka 1967 Eugène Kabanga akachukua Lubumbashi, mahali pale pale pa de Hemptinne. Ni yeye ambaye mwaka 1976 aliandika barua ya kichungaji dhidi ya rushwa, barua iliyowasha masikio ya wakubwa wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa siku hizo. Joseph Malula alikuwa ameshashika Léopoldville tangu 1964. Katika muda wa miaka minne hivi uso wa Kanisa la Kongo ulibadilika kuliko miaka themanini iliyotangulia.

Lakini ilikuwaje kwa mkristo wa kawaida? Nilipata ruhusa ya kutazama daftari za ubatizo za misioni moja ya zamani, ambayo sitaitaja kwa sababu paroko wake aliniomba nisimletee watalii. Ni daftari kubwa, jalada gumu, karatasi imegeuka rangi ya chai. Namba, tarehe, jina la mtoto, baba, mama, msimamizi, na mwisho sahihi ya aliyebatiza. Maneno ya fomula ni Kilatini. Nilikuwa natafuta ukurasa ambapo padri Mzungu anatoka na abbé anaingia, nikidhani utaonekana kwa mbali. Haukuonekana. Mwandiko ni ule ule: umelala upande wa kulia, herufi ndefu, mkia wa g umekunjwa vile vile. Abbé alifundishwa kuandika na wale wale aliowarithi. Ilibidi nisome sahihi moja moja ndipo nijue nimevuka.

Geuza kurasa mpaka 1972, na hapo kweli kunatokea kitu. Majina ya watakatifu yanakatika kama uzi. Jana Jean, Marie-Claire, Dieudonné; leo ni Mushagalusa, Nabintu, Cirhuza peke yake. Ni ule mwaka Mobutu alipoharamisha majina ya Kizungu, na padri atakayembatiza mtoto kwa jina la namna hiyo alitishiwa kifungo. Ila pembeni mwa baadhi ya mistari, kwa penseli hafifu, kuna herufi moja: J, au M, au P. Paroko alikuwa anatii sheria kwa wino na kuivunja kwa penseli. Askofu mkuu mwenyewe aliacha kuandikwa Aloys. Katika orodha za siku hizo ni Mulindwa Mutabesha Mugoma Mweru.

Hapa tuseme ukweli juu ya mtego uliokuwepo. Mobutu aliwaambia maaskofu: ninyi si Waafrika? Basi kwa nini mnalia kwa ajili ya majina ya Wazungu? Na askofu mweusi alikuwa na jibu gumu kulitoa, kwa sababu mwenyewe alitaka ibada yenye ngoma na lugha za nyumbani. Malula, aliyelipigania jambo hilo kuliko mtu yeyote, ndiye aliyenyang'anywa nyumba mwaka 1972 akaenda kukaa Roma. Noeli ikaondolewa kwenye sikukuu za taifa mwaka 1974. Shule zikachukuliwa na serikali, na kabla ya miaka mitatu kwisha zilikuwa zimeharibika kiasi kwamba mwaka 1977 serikali yenyewe iliwaomba wenye dini wazichukue tena kuziongoza. Misa ya namna ya Zaire, ambayo Malula aliota tangu ujana wake, Roma iliikubali mwaka 1988, mwaka mmoja tu kabla hajafa.

Kwa Mulindwa hapa Bukavu mwanzo haukuwa mwepesi pia. Mwaka mmoja baada ya kuingia, mamluki wa Mbelgiji Schramme waliushika mji huu, kuanzia Agosti mpaka Novemba 1967. Watu walikimbia, nyumba zikavunjwa. Askofu mpya alianza na mji mtupu. Na kwenye meza yake kulikuwa na ule mkanganyiko niliousema: misioni nyingi bado zilikuwa na wamisionari, na ofisi iliyotunza fedha, saruji, mvinyo wa misa na vipuri vya magari ilikuwa na njia zake za kupata vitu kutoka Ulaya. Askofu alikuwa na fimbo na kofia, lakini gari lake likikwama Walungu, kifaa cha kulitengeneza kilitoka kwa mgeni.

Nani basi alilishika Kanisa wakati huo? Makatekista. Hawa ndio kila mara tunawasahau kwa sababu hawavai nguo ya kipekee. Kabla ya uhuru padri alifika kwenye shapeli za mbali mara chache kwa mwaka. Katekista alikuwepo kila jumapili, alifundisha, alizika wafu, alijua nani anaishi na nani bila ndoa. Maaskofu wa Kongo walipoamua mwaka 1961 kwamba Kanisa lijengwe juu ya jumuiya ndogo za mahali, hizi tunazoziita mashirika (si yale ya watawa), huku vijijini hawakuanza na karatasi tupu. Walikuta watu ambao tayari walikuwa wanaongoza bila cheo. Uongozi wa wenyeji ulikuwa umekwisha kuanza chini, muda mrefu kabla haujafika juu. Na wengi wa viongozi wa mashirika leo ni wamama, jambo ambalo nalitaja kwa sababu naona safu ya mbele hapa imejaa wababa.

Sasa nitoe maoni yangu, na wazee wenye kunikatalia watanikatalia. Kiti kilikuja kwa barua mwaka 1966. Lakini Kanisa la Bukavu lilihitaji miaka thelathini zaidi ndipo askofu wake akawa wa watu hawa kwa namna ambayo rafiki na adui wote waliiona. Sisemi hivyo kumdharau Mulindwa, aliyebeba mzigo mpaka 1993. Nasema kwamba wakati wake mambo yalikuwa bado na ngazi ya nyuma ya kutorokea: shirika, Ulaya, serikali.

Mwaka 1994 ngazi hiyo iliondolewa. Wakimbizi wa Rwanda waliingia Kivu kwa mamia ya maelfu. Monsinyori Christophe Munzihirwa, askofu mkuu aliyemfuata Mulindwa, Mjesuiti, mtoto wa Walungu aliyetoka kuwa askofu wa Kasongo, alijikuta anaongea kwa niaba ya mji ambao mkubwa mwingine hakuusemea. Aliandika barua kwa wakubwa wa dunia. Majibu hayakumsaidia. Mwezi Oktoba 1996 vita vilipokaribia, wenye magari ya misaada walivuka mto Rusizi, mpaka wetu na Rwanda, viongozi wa serikali wakaondoka, yeye akabaki akiwatuliza watu wasikimbie ovyo. Jioni ya tarehe 29 Oktoba askari walimuua pale Nyawera, mahali ambapo wengi wenu mmepita leo mkija hapa. Mwili wake ulilala barabarani mpaka kesho yake.

Msinielewe vibaya. Siku mbili baadaye, huko Bugobe, mabruda wanne Wamaristi, Wahispania, waliuawa kwa sababu walikataa kuwaacha wakimbizi. Mgeni pia hubaki, mgeni pia hufa. Ila Munzihirwa hakuwa na mahali pa kurudishwa. Alikuwa nyumbani.

Na baada yake Roma ilifanya kitu ambacho wengine hapa walikilalamikia, nakumbuka maneno ya barazani. Ilimleta Kataliko. Mtu wa Butembo, Munande kwa kabila, aliyekuwa askofu huko Beni kwa miaka zaidi ya thelathini. Watu wakauliza: hakuna Mushi, mtu wa kabila la hapa, anayefaa? Tunajidai sasa kwamba hatukuuliza. Tuliuliza. Hapo ndipo swali la "wenyeji" linapokuwa la moto, kwa sababu Mzungu akishaondoka mtu huanza kutazama ni mwenyeji wa kijiji gani. Kila jimbo la mashariki limepata homa hiyo, na majimbo mengine hayajapona.

Kataliko aliandika ujumbe wa Noeli mwaka 1999. Alisema waziwazi kwamba wageni wanaendesha vita na kunyonya mali ya nchi kwa msaada wa baadhi ya ndugu zetu wenyewe, na hakuliacha Kanisa bila kulikemea. Tarehe 12 Februari 2000 viongozi wa uasi wa RCD walimfukuza Bukavu. Na walimfukuzia wapi? Butembo. Walimrudisha "kwao". Fikirini maana ya kitendo kile. Waasi walikuwa wameelewa vizuri ule mnong'ono wa barazani, wakadhani mji utashangilia kuondolewa mtu asiye wa hapa.

Mji ukagoma. Shule zikafungwa, kengele zikanyamaza, makanisa yakasimamisha ibada kwa muda. Wamama wa mtaa wetu wa Kadutu, ambao hawajui neno moja la Kinande, walisema askofu wetu arudishwe. Ilichukua miezi saba. Tarehe 14 Septemba alirudi, na barabara zilijaa watu, matawi mikononi. Tarehe 4 Oktoba, hata wiki tatu hazijaisha, alifia Roma kwa moyo. Amezikwa hapa, kwenye kanisa kuu, si Butembo.

Kwangu mimi, tangu siku ile ya Septemba mtu akiniuliza ni lini Kanisa la Bukavu lilichukuliwa na wenyeji, sitaji 1966. Naona waumini ndio waliokata shauri ni nani mwenyeji wao, wakalikata kinyume na bunduki na kinyume na kabila.

Nimalizie na jambo lisilopendeza: fedha. Paa la kanisa likivuja, kwanza tunaandika mradi kwenda Ulaya. Jumapili ya misioni mwezi Oktoba tunakusanya franka zetu, tunazituma, na kinachorudi kutoka Roma kwa majimbo kama yetu ni kikubwa kuliko tulichotuma. Seminari zetu zinaishi hivyo. Siku ya mavuno mnaleta vikapu vya maharagwe, mihogo, ndizi, mbuzi mmoja akipatikana, na nimeona waekonomi, watunza mali wa parokia, wakihesabu vitu hivyo kwa heshima kubwa, lakini vikapu havilipi mshahara wa mwalimu wala havinunui betri ya gari la paroko. Vijana mapadri wetu nao wanatumwa Ulaya kushika parokia ambazo Wazungu wenyewe wameshindwa kuzijaza, na mimi sioni aibu hapo, naona biashara ya kawaida kati ya makanisa. Aibu ipo kama askofu wetu anaweza kumkemea mwenye bunduki lakini hawezi kumkatalia mfadhili.

Kuna ombi nililokuja nalo. Makatekista waliofanya kazi kabla ya 1966 wamebaki wachache mno. Wengi wana daftari zao nyumbani, za majina, za michango, za kesi za ndoa, zimewekwa chini ya kitanda au zimefungiwa chumvi sokoni. Mwenye babu wa namna hiyo asitoe daftari, azipige picha na simu, kurasa zote, hata zile zinazoonekana hazina maana, kisha amwachie katibu wa parokia hapa. Na mwenye babu aliye hai aende wiki hii amuulize nani alikuwa anatunza ufunguo wa sanduku la sadaka mwaka 1965, na nani mwaka 1970.

Bado tuna dakika ishirini kwa maswali, padri, angalia saa yako. Naomba waanze wazee wanaomkumbuka Mulindwa, maana najua nimewachokoza.